Hodi ya Tatu

Mwanzo kabisa naomba radhi kwa hati yangu. Inalala upande, na herufi nyengine zinapanda juu ya mstari bila ya kuniuliza. Yako maneno nitakuwa nimeyakosea. Mimi nimesoma skuli ya msingi tu, na tangu nilipomaliza kalamu naishika kwa nadra, nikiandika nambari za umeme au vitu vya kununua dukani. Ukurasa mmoja unanichukua tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri iadhiniwe. Mwalimu aliyenitaka niandike haya aliniambia nisijali, niandike tu kama ninavyosema. Nilimjibu kimoyomoyo kwamba mimi sisemi.

Nakaa Kiembe Samaki na Bibi yangu, na mtoto wa dada yangu. Dada anafanya kazi Paje, anatandika vitanda vya hoteli, na huja nyumbani siku zake za mapumziko. Kwa hivyo mimi ndiye ninayemwamsha mtoto asubuhi, nikamkosha, nikamfunga ushungi wake mweupe na kumpeleka skuli ya maandalizi, ile ya watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza. Ananiita Mamdogo.

Njiani anasema. Anasema mpaka nachoka. Ndege zinapita chini kwetu kwa kuwa uwanja uko karibu, na yeye hazimpiti.

"Mamdogo, ile imeshatoa miguu."

"Naam."

"Ya jana ilikuwa na mkia wa buluu. Hii mkia mwekundu. Hii kubwa kuliko ya jana. Na ya jana imechelewa."

"Umejuaje imechelewa?"

"Jana ilipita tuko kwa fundi cherehani. Leo bado hatujafika kwa fundi cherehani."

Lakini tukishafika hapo kwa fundi cherehani, pahala ambapo mlango wa darasa unaonekana, hunyamaza. Hanyamazi kidogo kidogo. Hukatika kama redio iliyokatikiwa na umeme. Huingia darasani na mdomo umefungwa, akakaa na mdomo umefungwa, na nikimfuata saa tano na nusu mdomo ni ule ule. Tukimpita tena fundi cherehani, umeme unarudi.

Mwaka ulipofika katikati, Mwalimu aliniita. Ni mwanamke mtu mzima, mnene kidogo, ana sauti ya kuita watoto arobaini bila ya kupiga kelele. Nilisimama mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Njoo ukae. Huyu mtoto nyumbani anasema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anasema au hasemi? Nijibu na wewe, mwanangu. Naona nyote wawili mmekula yamini moja."

"Anasema," nikasema.

"Hapa miezi yote hii sijamsikia hata kukohoa. Sisemi hana akili. Nasema sijui. Mwisho wa mwaka kila mtoto anasimama mbele ya wenzake, anahesabu, anasoma herufi, anataja siku za wiki, anasema anapokaa. Fomu naijaza kwa nilichokisikia. Nisiposikia kitu nitajaza nini? Atarudia mwaka."

Alisema neno hilo, atarudia, kwa upole, kama mtu anayekueleza habari ya mvua. Mimi neno hilo nalijua. Nitaeleza kwa nini, na ili nieleze lazima nirudi nyuma, nilipokuwa na miaka mitano mwenyewe.

Wakati ule mama yangu alikuwa amelazwa, na Bibi ndiye aliyenilea. Siku yangu ya kwanza ya maandalizi nilipelekwa na jirani aliyekuwa akikimbilia kazini. Alinifikisha kwenye geti, akaninyooshea kidole mlango wa darasa, akaenda zake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Ndani watoto walikuwa wakiimba herufi kwa pamoja, a, e, i, o, u, wanaanza tena. Nikafanya kama Bibi alivyonifunza. Nikasema hodi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na ndani ilikuwa kelele. Nikasema hodi ya pili. Nikasema ya tatu.

Bibi alikuwa amenifunza hivi: hodi ni tatu. Ukipiga tatu usijibiwe, geuka urudi ulikotoka, wala usichungulie dirishani, kwani wenye nyumba wana sababu zao. Basi niligeuka nikarudi nyumbani, na mvua ikinipiga.

Bibi alinikuta barazani. "Umeshasoma?"

Nikasema, "Sikuchungulia."

"Umefanya adabu," akasema, akanivua nguo zilizorowa.

Kesho yake jirani alinifikisha tena getini, na mlango ulikuwa umefungwa tena, na mimi nikapiga hodi zangu tatu nikarudi. Siku ya tatu vile vile. Bibi hakupata kusoma skuli hata siku moja. Alidhani watoto wadogo husomeshwa kitambo kidogo tu, wakarudishwa wasije wakachoka. Alimwambia jirani, "Hiyo skuli nzuri, hawamtesi mtoto."

Siku ya nne mwalimu wa wakati ule, ambaye siye huyu, alitoka kumwaga maji akanikuta nimesimama nje.

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Napiga hodi."

Aliwaita watoto waje kuniona. Nadhani hakuwa na nia mbaya, lilimchekesha tu. Lakini watoto wakalishika. Mwaka mzima kila nilipopita walinipigia, "Hodi! Hodi! Hakuna mtu!" Nami nikafunga mdomo. Mwisho wa mwaka niliposimamishwa mbele nihesabu, nilikuwa nazijua nambari zote mpaka mia, nilikuwa nazihesabu usiku kwa vidole chini ya shuka, lakini haikutoka hata moja. Nikarudia. Tangu hapo nikawa mkubwa kuliko wenzangu kila darasa nililopita, mrefu wa kukaa nyuma, na mtu mrefu aliye nyuma asiyesema, mwalimu humsahau. Sitaki kulaumu. Nasema nilifika mwisho wa msingi nikasimama hapo, na nikiifuata njia yangu kinyumenyume mpaka ilipoanzia kupinda, naukuta ule mlango uliofungwa kwa ajili ya mvua.

Habari hii nilikuwa sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Bibi mwenyewe.

Basi Mwalimu aliponiambia mtoto atarudia, nilimwomba kwa sauti ambayo sijui kama aliisikia, niruhusiwe kukaa darasani siku mbili tatu. Akanipa kigoda nyuma, magoti yangu yakagusa kidevu.

Nilidhani nitaona somo la hesabu, kisha somo la kusoma, kisha mengine, kila moja na saa yake kama tulivyokuwa sisi darasani. Kumbe si hivyo. Asubuhi Mwalimu aliuliza, "Nje kuna nini leo?" Watoto wakatazama dirishani wakasema kuna mawingu. Akawauliza mawingu yana rangi gani. Wakasema jivu. Akachora wingu ubaoni, akaandika herufi ya kwanza ya neno lenyewe, wakaisoma, wakaitafuta kwenye majina yao. Kisha akauliza nguo zilizoanikwa nyumbani zitakuwaje, na mmoja akasema mama yake atagomba. Hapo hapo yakaingia mazungumzo ya kumsaidia mama kuanua. Nilijaribu kuhesabu yale yalikuwa masomo mangapi, nikashindwa.

Walipokwenda kunawa kabla ya uji, walipanga foleni. Mtoto mmoja aliruka zamu. Mwalimu hakumpiga. Alimwuliza, "Mbele yako walikuwa wangapi?" Akasema wanne. "Na sasa?" Akaangalia, akasema hakuna. "Hao wanne wamekwenda wapi?" Mtoto akageuka akawaona wenzake wanavyomkazia macho, akarudi nyuma mwenyewe.

"Hapa hatuwezi kulitenga somo," Mwalimu aliniambia huku akipima vikombe vya uji. "Mtoto akinawa mikono keshahesabu vidole, keshajifunza siha, keshajifunza kungoja. Wewe ukimtazama utasema ananawa tu."

Na mtoto wetu? Alikuwa akifanya yote. Alipanga vizibo vya soda kumi kumi kabla ya wenzake. Alichora ndege yenye miguu. Alipoulizwa, aliinamisha kichwa akatazama mkeka, na wenzake wakamjibia kwa pamoja, "Huyo hasemi, Mwalimu!" kama watu wanaomweleza mgeni mila ya kijijini kwao. Hawakuwa wakimcheka. Walishamzoea, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtu akishazoewa kuwa hasemi, hata yeye hujizoea.

Nyumbani, alasiri ile ile, alifungua skuli yake ukumbini. Wanafunzi walikuwa Bibi, paka, dumu la maji na kandambili zangu. Bibi alikuwa anasuka ukili, ule mshipi mrefu wa miyaa, majani ya mkindu, unaoshonwa ukawa mkeka.

"Kimya! Wewe dumu, kaa vizuri. Bibi, leo siku gani?"

"Leo Jumanne, Mwalimu."

"Uongo! Jumanne ilikuwa jana. Jana tulikula muhogo."

"Na mwanafunzi akitaka kwenda kutia mchele jikoni?"

"Hakuna kutoka mpaka kengele. Haya, hesabu hiyo miyaa."

Bibi hajui kusoma, ila hesabu ya miyaa anaijua kuliko mtu yeyote. Huhesabu jozi jozi, kwa kuwa jozi ndizo zinazosukwa. "Mbili, nne, sita, nane, kumi."

"Umeruka, Bibi!"

"Sikuruka. Moja imembeba mwenziwe."

Mtoto akaiangalia ile miyaa. Akaigusa miwili miwili. Akasema polepole, "Mbili. Nne. Sita." Akafika ishirini, akamgeukia paka, akamwambia, "Umesikia?" Hilo darasani lilikuwa bado halijasomeshwa.

Hapo nikajua ninachotaka. Nilitaka Mwalimu awepo ukumbini kwetu awe kama lile dumu, akae asikie. Lakini ili awepo ilibidi mtu amwambie, na mtu mwenyewe ni mimi. Asubuhi tatu nilikwenda nimeyashika maneno mdomoni, na asubuhi tatu nilirudi nayo. Ya nne nikaamua kuandika.

Barua ile ilikuwa na mistari minne na ilinichukua siku tatu. Nilichana karatasi mpaka daftari la mtoto likawa jembamba. Bibi aliniangalia, akasema, "Mistari minne siku tatu! Ungekuwa unasuka, mkeka tungekuwa tumeshaulalia." Niliandika: Mwalimu, mtoto anasema. Nyumbani anatusomesha. Nakuomba uje umsikie. Samahani kwa hati.

Niliiweka mezani kwake nikaondoka mbio. Nilipomfuata mtoto saa tano na nusu, Mwalimu alikuwa mlangoni. Niliogopa atanisomea mbele ya wazazi wengine. Hakuisoma. Alisema tu, "Alkhamisi baada ya alasiri. Na msinipikie."

Bibi kusikia hivyo akaloweka mchele wa mkate wa kumimina.

Alkhamisi tulikuwa jikoni, mimi na Bibi, mtoto yuko ukumbini na wanafunzi wake. Nje ikasikika, "Hodi!"

Bibi alifungua mdomo kuitikia. Nikamshika mkono, nikaweka kidole mdomoni kwangu. Alinitazama kana kwamba nimepotewa na akili. Kwetu mgeni haachwi mlangoni, na Mwalimu ni zaidi ya mgeni. Lakini kwetu pia aliye karibu na mlango ndiye anayeitikia, awe mkubwa au mtoto.

"Hodi!" ya pili.

Nilihesabu pumzi zangu. Nikajiambia, akipiga ya tatu nikakaa kimya, atarudi, na itakuwa nimemfanyia Mwalimu kile nilichofanyiwa mimi. Bibi alikuwa akiuvuta mkono wake kwa aibu, nami siuachi.

"Karibu!" Mtoto huyo, kwa sauti ya mwenye nyumba. Tukasikia komeo linavutwa. Kisha kimya. Alikuwa amemwona ni nani.

Nilichungulia, na hapo nilivunja adabu zote. Mtoto amesimama, kichwa kimeshaanza kuinama. Mwalimu naye amesimama kizingitini, kama mtu asiyejua aingie au asiingie. Walikaa hivyo. Kisha mtoto akaangalia miguu ya Mwalimu.

"Viatu vua," akasema. "Kuna mkeka."

Mwalimu akavua viatu.

"Kaa hapa. Dumu, mpishe mgeni. Maji unataka?"

"Nataka, ahsante."

Akaja jikoni mbio, akatupita sisi bila ya kutuangalia, akatoka na kikombe kwa mikono miwili. Kwa muda kama wa nusu saa, Mwalimu alikuwa mwanafunzi baina ya paka na kandambili. Alipoulizwa leo siku gani alisema Ijumaa.

"Alkhamisi! Ijumaa kesho. Kesho Bibi anafukiza udi."

"Ah, nimesahau, Mwalimu."

"Usisahau tena. Nawa mikono, kuna mkate. Vidole vingapi?"

Mwalimu akaanza moja, mbili, tatu. Mtoto akamkatiza. "Hivyo utachelewa, mkate utapoa. Hesabu kama Bibi. Mbili, nne, sita, nane, kumi. Umeona?"

Mwalimu alininyanyulia macho mlangoni mwa jikoni. Sijayasahau macho yale.

Tulikula mkate. Mtoto alipotoka nje kumfukuza paka, nilidhani mambo yamekwisha. Mwalimu akaweka kikombe chini, akasema, "Nimemsikia. Anajua kuliko nusu ya darasa. Lakini siwezi kukudanganya. Darasa la kwanza watoto watakuwa wengi, na mwalimu wa huko hatokwenda nyumba kwa nyumba kula mikate. Nikimpandisha bubu nitakuwa nimemtupa. Lazima aseme skuli, hata neno moja, nijue mlango umefunguka."

Bibi akasema, "Atasema tu akikua." Dada pia alikuwa akisema hivyo kwenye simu. Na mimi nilikuwa nimeshakua, nimekaa hapo hapo, wala hakuna aliyeniangalia.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilisema, "Mwalimu, hapa yeye ni mwenyeji. Kule ni mgeni. Mgeni hasemi mpaka akaribishwe."

"Mbona nawakaribisha wote kila siku?"

"Wote, naam. Yeye peke yake, bado." Kisha nikamweleza mlango, na mvua, na hodi tatu kwa siku tatu. Nilieleza kwa kusitasita, nikitazama ukili wa Bibi. Nilipofika pale mwalimu wa zamani alipotoka kumwaga maji, mikono ya Bibi ilisimama.

"Kumbe hukuwa ukisoma?" akasema. "Zile siku zote?"

"Tatu tu, Bibi."

"Na miye namsifu jirani kwamba hawakutesi. Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulisema nimefanya adabu."

Bibi aliuangalia ukili wake, akaona ameukosea, akaanza kuufumua, jozi baada ya jozi, kwa muda mrefu kuliko kosa lenyewe lilivyohitaji.

Mwalimu ndiye aliyesema. "Basi tufanye nini?"

"Mpe mlango," nikasema.

Jumatatu Mwalimu aliwatangazia watoto sharti jipya. Mlango wa darasa utafungwa watu wakishaingia, na atakayechelewa atapiga hodi. Hakuna atakayeitikia ila mmoja, aliye karibu na mlango, wala hata Mwalimu hataitikia. Akamhamisha mtoto wetu, akamkalisha kwenye kipande cha mkeka kando ya mlango. Mtoto aliona fahari kupewa mkeka wake peke yake. La kuitikia nadhani lilikuwa bado halijamwingia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nyuma, magoti kidevuni.

Yupo mtoto mmoja wa kiume anayechelewa kila siku ya Mungu, kwa kuwa baba yake humpitisha sokoni kwanza. Anajulikana kwa sauti yake na kwa harufu ya samaki. Siku ile tulimngojea yeye kama watu wanaongojea biharusi.

"Hodi!"

Watoto wote walimgeukia mtoto wetu. Nikaona midomo yake inashikana. Mmoja akaanza, "Huyo hase..." na mwenzake akamfinya. Mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni, chaki haikusimama.

"Hodi!"

Mtoto alinitafuta kwa macho. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kusema karibu mimi mwenyewe, niseme kwa sauti ya kutosha wote wawili, yeye na yule mtoto aliyerowa mvua. Badala yake niliinamisha kichwa, nikatazama vidole vyangu vya miguu, ili asinione nami nikamponza.

Yule wa samaki huko nje hakuwa na desturi ya kungoja kitu. Ya tatu aliipiga na malalamiko yake pamoja.

"Hodi, jamani! Miye nshafika! Au nirudi zangu nyumbani?"

Watoto wakaangua kicheko. Na katikati ya kicheko hicho, kwa sauti ya chini ila si ndogo, ile sauti ninayoijua mimi, Bibi, paka na dumu:

"Karibu. Umechelewa."

Chaki ilisimama. Mlango ukafunguka, yule wa samaki akaingia na mkoba wake, akamwangalia mtoto wetu, akasema, "Baba ndiye aliyechelewa, si mimi," akapita akaenda kukaa. Yeye hakujua kilichotokea. Ndiye pekee aliyejibizana naye kama ni jambo la kawaida, na nadhani alimsaidia kuliko sisi sote.

Nisiseme uongo, mtoto hakugeuka kasuku. Wiki ile maneno yake yalikuwa hayo mawili, karibu na umechelewa. Wiki ya pili likaongezeka la tatu, futa miguu. Ulipofika mwezi wa tatu tangu siku ile akawa anawaambia wenzake kwa kunong'ona leo siku gani, pale wanapoingia. Kusimama mbele hakuweza. Mwisho wa mwaka, zamu yake ilipofika, aliinuka kwenye mkeka wake na hakusogea. Mwalimu akaichukua ile fomu na kalamu, akatoka nje, akafunga mlango.

"Hodi," akasema Mwalimu kutoka nje.

"Karibu."

Akaingia, akasimama naye pale pale mlangoni, akamwuliza maswali yote. Mtoto akayajibu akiangalia komeo. Alihesabu mpaka ishirini kwa jozi za Bibi, kisha Mwalimu akamwomba arudie moja moja, akarudia. Alitaja siku saba na chakula cha kila siku. Alipoulizwa anakaa wapi, alieleza njia nzima, kwa fundi cherehani ukunje, mpaka barazani kwetu.

Fomu hiyo Bibi ameiweka chini ya godoro, ndani ya bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Mimi nimeisoma mara nyingi. Kote kuna alama za vyema za wino wa buluu. Pale chini penye nafasi ya maoni, Mwalimu ameandika: Anapanda darasa la kwanza. Anasema akikaribishwa; mwalimu atakayempokea amkaribishe yeye peke yake.

Sasa yuko darasa la kwanza. Mlango wa huko hauna komeo, uko wazi siku nzima, na watoto ni wengi. Siku ya kwanza mwalimu mpya aliisoma fomu, akainama mpaka usawa wa ushungi wake, akamwambia, "Karibu." Kama aliitikia sijui. Nilikuwa mbali, getini, na safari hii sikuchungulia.

Nikirudi peke yangu nikapita kwa fundi cherehani, huwa nawaza kwamba zile nambari mia nilizokuwa nikizihesabu chini ya shuka sikuzipoteza. Zilingoja tu mtu wa kuziuliza. Pengine wako wengi kama mimi, na wengine wadogo zaidi, wamekaa kwenye mikeka yao wanajua kila kitu. Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa na mtoto kama huyu, au ulikuwa wewe mwenyewe, niandikie unieleze alifunguliwa mlango na nani, au ulibaki umefungwa. Hati yako ikiwa mbaya nitaisoma hivyo hivyo, polepole. Hii uliyoisoma ni hodi yangu ya kwanza.